Maswali ya Wasomaji: Kinu cha nyuklia kando ya Ziwa Victoria?

Swali: Kila umeme ukikatika, fundi mwenzangu husema dawa ni kinu cha nyuklia, maji ya kupoozea si tunalo ziwa zima? Anasema kweli?
*Fundi wa kuchomelea, Igoma*

Jibu: Kuhusu nguvu ya urani, madini ambayo ndiyo mafuta ya kinu, hajakosea. Tembe moja, ndogo kama ncha ya kidole, hutoa joto la takriban tani moja ya makaa ya mawe. Kinu cha megawati 1,000 hula tani 25 hivi za mafuta hayo kwa mwaka, hakitoi moshi, na tofauti na mabwawa yetu ya umeme, hakijali kiangazi.

Ila kwenye maji ndiko kuna kazi. Kinu hicho huzalisha joto la megawati 3,000 hivi, na theluthi moja tu ndiyo huwa umeme. Joto linalobaki ni la kutupa. Yakitumika maji ya kupita na kurudi ziwani, zinahitajika kama lita 45,000 kila sekunde: hesabu matenki 45 ya lita 1,000, yale ya paani, yakijaa kila unapopepesa jicho. Hurudi yakiwa yameongezeka joto nyuzi 10 hivi. Ziwa Victoria lina kina cha wastani cha mita 40 tu, na maji yake ni vuguvugu tayari. Yakizidi joto, oksijeni hupungua. Sato atavumilia, sangara hatavumilia.

Halafu kuna magugu maji. Chujio la pampu likiziba, kinu huzimwa. Agosti 2025 konyeza, viumbe laini wa baharini, waliziba vichujio vya kituo cha Gravelines, Ufaransa, vinu vinne vikasimama, na konyeza ni mlaini kuliko gugu.

Mwisho, gridi. Wahandisi hupendelea mtambo mmoja usizidi asilimia 10 ya uwezo wa gridi nzima. Bwawa la Julius Nyerere lina megawati 2,115, lakini zimegawanywa kwa mitambo tisa ya 235; mmoja ukizima, minane inabeba. Megawati 1,000 zikiondoka kwa mpigo, nchi nzima inaingia gizani. Kwa sasa vinu vidogo, chini ya megawati 300, ndivyo vya kujadiliwa.

Swali: Kinu kikishazimwa, hatari si imekwisha?
*Mwalimu, Sengerema*

Jibu: Haijaisha, mwalimu. Vijiti vya udhibiti vikishuka, mpasuko wa atomi za urani hukoma kwa sekunde chache, lakini mabaki yake huendelea kutoa joto: mwanzoni kama asilimia 6 ya joto la kawaida, na baada ya siku nzima bado nusu asilimia. Kwa kinu chetu cha mfano hiyo ni megawati 15, na pampu hazina ruhusa ya kulala.

Fukushima, Japani, 11 Machi 2011, vinu vilivyokuwa kazini vilijizima vyenyewe tetemeko lilipopiga. Tsunami ikazamisha jenereta za dharura zilizowekwa chini, pampu zikakosa umeme, fito za mafuta ya urani zikayeyuka, gesi ya hidrojeni iliyotokana na joto hilo ikalipua majengo. Kwa hiyo atakayeleta ramani ya kinu aulizwe kwanza jenereta zinakaa wapi. Mwaka 2020 ziwa hili lilipanda likaingia majumbani.

Swali: Urani ya Namtumbo si tuitumie wenyewe? Na haiwezi kulipuka kama bomu?
*Msomaji, Ukerewe*

Jibu: Urani ikitoka ardhini, urani-235, ile aina inayopasuka kwa urahisi na kutoa nguvu, ni asilimia 0.7 tu. Vinu vingi hutaka 3 hadi 5, na kiwanda cha kuirutubisha, yaani kuongeza sehemu hiyo, hatuna. Bomu hutaka kama 90, ndiyo maana mafuta ya kinu hayawezi kulipuka kibomu.