Kabla ya kusifu pato la Kiambu, gawanya kwanza

Kila ripoti ya pato la kaunti za Kenya inapotoka, Kiambu, jirani ya Nairobi, huwa karibu na kileleni, na kwenye magrupu ya WhatsApp watu huanza kupongezana. Mimi naishi Ruiru, humo humo Kiambu, na bado sijampongeza mtu.

Pato hilo, yaani thamani ya bidhaa na huduma zinazozalishwa kwenye kaunti, ambalo Shirika la Kitaifa la Takwimu (KNBS) lilianza kulichapisha 2019, huhesabiwa pale kazi inapofanywa. Mhasibu anayelala Ruiru na kushinda Upper Hill anaongeza pato la Nairobi. Huku kwetu inabaki kodi yake ya nyumba, pamoja na ujenzi wa ghorofa inayofuata. Kwa hivyo shamba la kahawa likigeuka fleti, pato la Kiambu linaweza kupanda hata kama mifereji ya hizo fleti ni mikavu.

Halafu kuna idadi ya watu. Sensa ya 2009 ilihesabu watu 1,623,282 Kiambu. Ya 2019 ikahesabu 2,417,735, karibu nusu zaidi. Barabara kuu ya Thika ilifunguliwa katikati ya miaka hiyo, 2012. Mji wa Ruiru ulitoka 238,858 hadi 490,120, ukaipita Kisumu na hata Eldoret (na bado tunaulizwa kama huku si Nairobi). Mwanasiasa akijisifu kwamba vitanda vya hospitali viliongezeka kwa thuluthi moja katika muda huo, gawanya kwa idadi ya watu: kwa kila mtu vimepungua.

Mimi hali ya mtaa huipima kwa daftari, na ukurasa mkubwa ni wa maji. Naandika siku mfereji ulipotoa maji, na saa pia, maana saa ndiyo yenye habari. Maji ya saa nane usiku yanajaza tangi la mwenye ploti aliye na pampu. Mpangaji wa chumba kimoja asiye na tangi anaamka akute mitungi yake mitupu kwenye korido, vilevile alivyoipanga jana. Kwenye takwimu wote wawili wana maji ya bomba. Andika pia bei ya mtungi kwa mwenye mkokoteni. Mfereji ukikauka alfajiri, kufikia saa tatu bei imeshapanda, na hakuna taarifa kwa umma itakayokupa habari hiyo upesi namna hiyo.

Nauli usiandike ile ya saa nne asubuhi, matatu zikiwa zinabembeleza abiria. Andika ya saa kumi na mbili alfajiri, na ya jioni mvua ikinyesha. Kuhusu kodi, muulize keateka badala ya mwenye nyumba, na utazame pikapu za kuhama mwisho wa mwezi zinaelekea wapi. Zikitoka kwenye fleti za vyumba viwili kwenda kwenye bedsita za ndani ndani, mtaa umebanwa, ripoti iseme itakavyo.

Usikubali wastani wa kaunti nzima. Mkulima wa kabeji kule Lari hana haja na foleni ya Githurai. Shida yake ni matope yanayozuia lori kufika shambani. Kiambu ina wadi 60, basi omba takwimu za wadi yako.

Ukishakusanya miezi kadhaa, peleka karatasi kwenye kikao cha maoni ya umma. Makadirio ya bajeti hufikishwa bunge la kaunti kabla ya 30 Aprili kuisha, lakini vipaumbele huwa vimeshapangwa kwenye waraka wa mkakati wa fedha, unaowasilishwa kufikia 28 Februari. Wahi vikao vya mwanzo wa mwaka. Aliyesema kabla yangu alilalamika kuhusu maji akajibiwa "tumesikia". Mimi niliposoma tarehe na saa, afisa aliuliza ni mtaa gani, akaanza kuandika. Nenda na nakala mbili. Moja mwachie karani, ya pili aigonge muhuri urudi nayo.