Jibu: Pambano rasmi la wachawi wawili

Mkuu, umeuliza pambano rasmi la wachawi kwenye Dungeons & Dragons, mchezo wa mezani wa kuigiza wahusika kwa dadu, lichezweje lisiishie kwa anayetangulia kurusha moto. Dawa yake ni kutangua (Counterspell), yaani uchawi wa kuuzima uchawi wa mpinzani anapourusha. Kwa kanuni za 2014, uchawi wa daraja la 3 kushuka chini hutanguka bila kutupa dadu, mradi unamwona mpinzani na yuko ndani ya futi 60. Basi wasipangwe mbali zaidi ya hapo. Ila kila mmoja ana itikio, yaani kitendo cha kujibu papo hapo, moja tu kwa mzunguko: akishalitumia kwa ngao, uchawi wa kujikinga, hana tena la kutangua. Hapo ndipo penye utamu! Sisi hapa Mikindani kila nafasi ya uchawi, yaani akiba ya kurusha uchawi mara moja, ni korosho moja mezani, ikitumika, inaliwa. Naupenda zaidi mtindo wa kusubiri, maana mwenye papara korosho zinamwishia mapema. Na kuinamiana kabla ya kuanza msiache kabisa, mwamuzi akihesabu hadi tatu.