Maswali na majibu: kabla hujachuma jani

Mvua zikishika, maswali ya mitishamba huja kwa wingi. Haya ndiyo tuliyoyachagua safari hii.

Natafuta matembezi ya kujifunza mitishamba nikiwa na mwongozaji. Niende wapi, na msimu gani? — Msomaji, Kisauni

Anza na Kaya Kinondo, kusini mwa Diani. Kaya ni msitu mtakatifu wa Wamijikenda; huu ni wa Wadigo, wa takriban hekta 30, na umo katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO tangu 2008 pamoja na makaya mengine ya Wamijikenda. Waongozaji wake ni wenyeji waliokua na miti hiyo. Kutoka Mombasa, vuka Likoni kwa feri, panda matatu ya Ukunda, kisha tuktuk au boda hadi Kinondo. Ulizia kabla ya kutoka nyumbani, maana kaya bado ni mahali pa ibada, si bustani ya kuingia saa yoyote.

Hifadhi ya Shimba Hills nako kuzuri, lakini jua unachokipata. Askari wa KWS, shirika la wanyamapori la Kenya, anayekusindikiza hadi maporomoko ya Sheldrick amebeba bunduki kwa ajili ya ndovu. Usimtarajie akupe darasa la mizizi. Ukitaka mjuzi wa mimea, omba mapema.

Nenda wiki mbili tatu baada ya mvua kuanza, masika au vuli, wakati mimea ina maua na matunda. Januari na Februari, kaskazi ikivuma, nusu ya magugu yamekauka na hata mjuzi hubaki kukisia. Anzeni saa moja asubuhi. Ikifika saa tano, jua limewachosha na hakuna anayesikiliza tena.

Nivae nini? — Kijana wa Tudor

Viatu vya kufunika vidole, suruali ndefu, soksi zilizovutwa juu ya suruali kwa sababu ya kupe na siafu. Maji lita moja na nusu, daftari, penseli (kalamu ya wino hugoma karatasi ikilowa). Kandambili ziache feri. Kwenye majani makavu kuna moma, na nyoka huyo hakimbii anaposikia hatua.

Kule kaya tuliambiwa tufunge kaniki kiunoni na tusichukue hata jani kavu. Sasa tumelipa tuone tu? — Mama wa Changamwe

Ndiyo, mama, mmelipa muone. Katazo hilo ndilo lililouacha msitu umesimama hadi leo huku mashamba na hoteli zikiuzunguka pande zote. Kinachotoka kaya ni ujuzi wa kuutambua mmea. Mmea wenyewe, kama si adimu, utaupata kwenye shamba au uwanja wa nyumbani. Ruhusa ya kupiga picha iombe kila mahali mnapofika, hasa karibu na makaburi.

Nataka kuchuma mboga za mchunga na mnavu mwenyewe badala ya kununua soko la Kongowea. Nitajuaje kama sikukosea? — Dada wa Likoni

Swali lako ndilo zito kuliko yote, dada, kwa hiyo tutakaa hapa kidogo.

Mchunga: vunja jani, utatoka utomvu mweupe unaonata na kuacha vidole na madoa ya kahawia. Lakini usiishie kwenye utomvu, kwa maana magugu ya jamii ya mnyaa nayo hutoa maziwa, na hayo huwasha mdomo na kuumiza macho. Tazama jani linapokutana na shina: la mchunga lina masikio mawili yenye ncha yanayolikumbatia shina. Shina lenyewe lina uwazi ndani. Ua ni la njano, na likikomaa hugeuka manyoya meupe yanayopeperuka. Ukiona kijitunda chenye pande tatu, acha, huo si mchunga.

Mnavu: hauna miiba, ua lake ni dogo, jeupe, lenye kitovu cha njano, na matunda yake ni kama punje za pilipili manga, ya kijani kisha meusi. Matunda ya kijani yana sumu, yang'oe yote. Ukikuta miiba, majani yenye vinyoya chini na ua la zambarau, huo ni mtunguja. Hatari kubwa zaidi ni mnanaha. Mkubwa haumdanganyi mtu, una ua refu kama tarumbeta na tunda lenye miiba, ila mche wake ukiwa na majani manne au sita hufanana na mnavu kwa mbali. Ufikiche: mnanaha hutoa harufu mbaya, nzito.

Makosa hutokea namna hii: mtu anashika rundo kwa mkono mmoja na kulikata kwa kisu, na miche miwili ya mnanaha inaingia humo. Chuma shina moja moja, na lisilo na ua wala tunda liache. Aliyekula mnanaha hukauka mdomo, mboni za macho hupanuka, moyo hwenda mbio, kisha huanza kuweweseka. Usimpe maziwa wala usimtapishe. Mkimbize hospitali na mmea wenyewe.

Kupika: mafungu mawili ya mchunga kwa fungu moja la mchicha. Chemsha mchunga peke yake dakika kumi, mwaga maji hayo, kamua, ndipo uunge kwa kitunguu, nyanya na tui zito la nazi moja. Ukiruka hatua ya kumwaga maji, watoto hawataugusa.

Mahali pa kuchumia nako ni muhimu. Usichume kando ya barabara kuu, mitaroni, wala karibu na jaa. Owino Uhuru, kule Mikindani, udongo ulichafuliwa na madini ya risasi kutoka kiwanda cha kuyeyusha betri. Risasi haiondoki kwa kuchemsha.

Mwarobaini hutibu malaria. Kwa nini nipoteze pesa za kupima? — Bwana wa Mtopanga

Kwa sababu homa si lazima iwe malaria, na malaria ya mtoto au mjamzito inaweza kugeuka kali ndani ya siku moja au mbili. Kikombe cha mwarobaini hakina kipimo: ukali wake hubadilika kwa mti, kwa msimu, na kwa muda uliochemsha. Pima kwanza, na ukikutwa nayo umeze dawa ulizoandikiwa hadi ziishe, hata ukijisikia nafuu siku ya pili.

Wenye mimba wasinywe mwarobaini kabisa. Mafuta yake mtoto mchanga asipewe kwa mdomo, yamewahi kuleta degedege na vifo. Na anayetumia dawa za kisukari amwambie daktari, kwa kuwa mwarobaini nao hushusha sukari, na viwili hivyo pamoja vinaweza kumwangusha mtu.

Kwa faida ya wanaouita dawa ya mababu: mti huu asili yake ni Bara Hindi. Wala hilo haliupunguzii chochote.

Watu wameubambua mwarobaini wetu gome lote kuzunguka shina. Utapona? — Mzee wa Mtongwe

Shikamoo mzee. Kama umezungushwa wote hadi kwenye mti mweupe, uwezekano ni mdogo. Chakula kinachotengenezwa majanini hushukia mizizini kupitia gome la ndani. Njia ikikatika pande zote, majani hubaki kijani miezi kadhaa yakiwadanganya wenyeji, huku mizizi inakufa njaa. Kama limebaki tepe la gome lisilokatika kutoka juu hadi chini, hata la upana wa vidole vitatu, lilinde, matumaini yapo.

Anayehitaji gome akate kipande cha wima, kisichozidi upana wa kiganja, upande mmoja tu, na ikiwezekana kwenye tawi. Mzizi uchukuliwe wa pembeni, kisha shimo lifukiwe.

Panda mwingine sasa hivi. Okota mbegu zilizoiva njano, menya nyama, osha, kausha kivulini, na uzitie udongoni ndani ya wiki mbili. Zikikaa zaidi nyingi hazioti.

Nitamjuaje mwongozaji wa kweli? — Mwanafunzi, Nyali

Mwoneshe mmea mmoja umuulize mambo matatu: hutumika sehemu gani, nani hapaswi kuutumia, na unafanana na upi wenye sumu. Anayejibu la kwanza tu ni muuzaji. Na akikupitisha penye mturituri, ule mtambaa wenye mbegu nyekundu zenye doa jeusi, bila kukuonya kwamba mbegu ikitafunwa inaweza kuua, dai pesa zako.

Programu ya simu ya kutambua mimea inatosha? — Huyo huyo

Kwa kukisia, ndiyo. Kwa kula, hapana. Piga picha jani juu na chini, shina, ua na tunda, kisha umwoneshe mtu.

Upupu umenipata njiani! — Msomaji, Mshomoroni

Usijikune, unazidi kuvisukuma ndani vile vinyoya. Bandika selotepu au donge la unga uliokandwa mgumu, vuta, rudia na kipande kipya. Halafu sabuni na maji baridi. Nguo zifuliwe peke yake, na usishike macho mpaka umemaliza yote hayo.