Barua kwa mwanangu: Wanakushangaa, lakini hawasogei

Mwanangu mpendwa,

Barua yako imenifikia. Unaniuliza kwa nini wanafunzi wako wa drumu, ambao ukiwapigia wanabaki midomo wazi, wakirudi wiki inayofuata wapo palepale ulipowaacha. Jukwaani umekaa miaka, unasema, na hakuna unachowaficha. Sasa kasoro iko wapi?

Unawapigia mno. Siku moja itazame saa wakati wa somo, uone mwanafunzi ameshika vijiti kwa dakika ngapi. Kama hazifiki nusu ya kipindi, basi wamekuja kwenye onyesho lako, na wameondoka wamefurahi kama hadhira yoyote inavyofurahi. Onyesha mara moja, kwa mwendo wa polepole, kisha inuka kwenye kiti umpishe.

Jukwaani kazi yetu ni kuficha ugumu. Mwimbaji akichelewa kuingia, unauzungusha mdundo mpaka arudi, na waliokaa chini hawajui lolote. Darasani ugumu huo ndio unaotakiwa uanikwe. Hapo mpigaji mzoefu ana taabu ambayo mpigaji wa juzi hana: mikono imekwisha kusahau ilijifunzaje. Ukiulizwa mguu unaingia wapi, unalazimika upige kwanza ndipo ujibu. Kwa hiyo kabla hujamfundisha mtu mdundo wowote, kaa nao peke yako uufumue.

Nikupe mfano. Mdundo wa kawaida wa hesabu nne: mkono wa kulia unagonga haihati (yale matoazi mawili yaliyopachikwa juu ya kigingi) mara nane, sneya, ile ngoma ndogo inayogongwa kwa mkono wa kushoto, inalia kwenye mbili na nne, ngoma ya mguu kwenye moja na tatu. Huo wengi wanaushika upesi. Kizaazaa kinaanza ukiongeza pigo moja la mguu kati ya pigo la sita na la saba la haihati, kabla tu ya pigo la pili la sneya. Mkono wa kulia unataka kuufuata mguu, haihati inalia mara tisa, kila kitu kinamwagika. Wewe ukiona hivyo unasema “sikiliza,” unampigia tena. Ameshasikia, mwanangu. Sikio lake halina shida. Hajui tu ni kiungo gani kinakwenda na kipi.

Mwambie hivi, bila hesabu na bila kasi, kuanzia pigo la tano: mkono na mguu, mkono, mguu, mikono miwili, mkono. Ayaseme kwa mdomo kwanza, vijiti vikiwa mapajani. Kisha ayapige huku akiyasema, hata akisimama kati ya pigo na pigo, si neno. Mpangilio ukishakaa ndipo unaleta muda, kwa sababu mguu ule umebanwa kwenye nafasi iliyo nusu ya nafasi nyingine. Weka metronomu, kile kifaa cha kuhesabia mwendo, kwenye mapigo 60 kwa dakika. Akipiga sawasawa mizunguko kadhaa mfululizo, panda kidogo, labda hadi 64, akiharibu, shuka. Na wewe usipige naye. Ukipiga naye atakuegemea, mdundo utaonekana umenyooka, halafu nyumbani utapinda.

Upande wa mikono, anzia kwenye mrudisho wa kijiti. Wanaoanza hubana vijiti kana kwamba vitatoroka. Mwambie akishike kwa kidole gumba na cha shahada, vile vingine vitatu vilegee, akiangushe kwenye padi ya mazoezi na akiache kidunde hadi kitulie chenyewe. Asipouona mrudisho huo, hawezi kupiga mapigo mawilimawili kwa kasi hata akeshe, maana lile pigo la pili hatulipigi kwa nguvu za mkono, tunalipokea tu na kuliongoza.

Nimesikia pia kwamba wanakuiga unavyopitisha kijiti cha kushoto juu ya kiganja. Mshiko huo ulitokana na ngoma za jeshi zilizoning'inizwa kwa mkanda zikainamia upande mmoja, na kwako ni mazoea. Sneya yao haijainama. Waache washike vijiti kwa namna moja mikono yote miwili.

Orodha ya mazoezi ya msingi, ile ya rudimenti 40 iliyotolewa na Percussive Arts Society, chama cha wapiga ngoma, mwaka 1984, usimkabidhi mtu yote. Mapigo ya moja moja, ya mbili mbili, flamu (pigo dogo linalotangulia kidogo tu pigo kubwa), na paradidoli (kulia, kushoto, kulia, kulia, kushoto, kulia, kushoto, kushoto). Hizo zitawatosha muda mrefu, mradi siku ileile uwaonyeshe zinavyokaa kwenye drumu: kulia ikiwa kwenye haihati na kushoto kwenye sneya, paradidoli yenyewe ni mdundo. Mwanafunzi asiyeona zoezi linampeleka wapi hulifanya mbele yako tu.

Jambo moja ambalo hukuniuliza ni masikio. Kwenye onyesho unapiga, unapumzika, unakwenda zako. Kwa kufundisha utakaa kwenye chumba kidogo mchana kutwa, na drumu ikipigwa kwa nguvu humo inapita desibeli 100, kwa kipimo cha ukubwa wa sauti, bila shida. Wataalamu wa usalama kazini wa Marekani, NIOSH, wanashauri mtu asizidishe muda wa saa 8 kwa siku penye desibeli 85, na kila zikiongezeka 3 muda unakatwa nusu. Ukifika 100 zimebaki dakika 15. Vaa vizibo vya masikio, nao wavae. Mazoezi mengi yafanyikie kwenye padi.

Mwishoni umeuliza kama umwachishe yule asiyeshika mdundo kabisa. Mtoe kwanza kwenye kiti. Atembee chumbani huku akihesabu nne kwa sauti, kila hatua hesabu moja, kisha apige makofi kwenye mbili na nne bila kubadili mwendo. Hatua zikiwa sawa, mdundo anao, kilichokwama ni mikono, na mikono inafundishika. Hatua nazo zikiyumba, mwache atembee hivyo dakika chache mwanzoni mwa kila kipindi, kabla hajagusa kijiti. Wapo niliowaanzisha hivyo ambao sasa wanapiga kwenye bendi. Mjaribu kwa mwezi mzima kisha uniandikie, na unitumie sauti aliyorekodiwa akipiga mwenyewe, si mkipiga pamoja.

Mama yako