Shahada ipi kwa anayetaka kazi ya habari?

SWALI: Nimemaliza kidato cha sita, mchepuo wa HGL. Nimepata C ya Historia, D ya Jiografia na C ya Kiingereza. Nataka kufanya kazi ya habari, redioni au gazetini. Baba anasema shahada isiyo ya sayansi ni karatasi tu. Nisome uandishi wa habari au kitu kingine? – Mhitimu, Morogoro

JIBU: Mdogo wetu, mlango uko wazi. Kigezo cha chini cha TCU, yaani Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania, ni ufaulu wa principal mbili (alama A hadi E) zenye jumla ya pointi 4.0. C ni pointi 3, hivyo kwa Historia na Kiingereza una 6. Juu ya hapo kila programu ina masharti yake. Ya uchumi, kwa mfano, mara nyingi huangalia na hisabati. Yasome kabla ya kulipia maombi.

Hofu ya mzee ina msingi. Vijana wanaojua kuripoti mkutano wa mgeni rasmi wamejaa. Wanaoadimika ni wanaoweza kufungua ripoti ya CAG, mkaguzi mkuu wa hesabu za serikali, au kitabu cha bajeti wakatoka na habari. Chukua kosa hili tunalolisoma kila mara: mfumuko wa bei umeshuka kutoka asilimia 5 hadi 4, na mwandishi anaandika “bei zimeshuka”. Hazijashuka. Kitu cha shilingi 3,000 kikipanda kwa asilimia 5 kinafika 3,150. Mwaka unaofuata kikipanda kwa asilimia 4 kinafika 3,276. Bei bado inapanda, ila kwa kasi ndogo. Mahakamani nako yupo anayemwita “mshtakiwa” mtu aliyefikishwa huko kwa deni, wakati kwenye kesi ya madai huyo ni mdaiwa. Msomaji anayejua sheria akiona hivyo, gazeti analiweka chini.

Kwa matokeo yako, sisi tungechagua shahada ya uandishi wa habari, kisha kozi zote za hiari tuzielekeze eneo moja: siasa, sheria au uchumi. Usidokoe moja huku, moja kule. Sababu kubwa ni ithibati, yaani kibali rasmi cha kufanya kazi ya uandishi wa habari. Sheria ya Huduma za Habari ya mwaka 2016 inamtaka mwandishi awe nayo, na kanuni zake zinadai angalau stashahada ya uandishi wa habari au fani ya habari inayohusiana. Ukisoma sheria au uchumi utakuwa na maarifa mazuri sana, lakini jiandae kuongeza stashahada ya uzamili, kwa kawaida mwaka 1. Kama ada ya mwaka huo ipo, sheria ni chaguo letu la pili, na litampa mzee amani.

Jina la shahada lisikutoshe. Vyuo viwili vinaweza kutoa shahada ya jina moja, kimoja kikafundisha nadharia za mawasiliano miaka yote 3, kingine kikakuingiza studio tangu mwaka wa kwanza. Omba mtaala, hesabu kozi za vitendo. Muulize mwanafunzi wa mwaka wa tatu, si ofisi ya udahili: kamera moja mnatumia wangapi? Redio ya chuo iko hewani, na nani anasoma taarifa ya habari? Field, yaani mafunzo kazini, ni wiki ngapi, na nafasi anatafuta nani?

Wengi hukwama wakimaliza kwa sababu wana GPA nzuri lakini hawana hata habari moja iliyochapishwa. Anza mwaka wa kwanza.

SWALI: Niko mwaka wa pili, shahada ya Kiswahili. Je, nimepotea njia? – Msomaji, Dodoma

JIBU: Hapana, dada. BBC inatangaza kwa Kiswahili tangu 1957 na Deutsche Welle tangu 1963, na kila chumba cha habari kinahitaji mtu wa kusanifu lugha na kutafsiri haraka bila kupotosha. Chukua kozi za tafsiri na uhariri. Pakua Audacity, programu ya bure ya kurekodi sauti, na kila wiki rekodi taarifa ya dakika 3 uliyoiandika mwenyewe. Isikilize kesho yake: panapokukata pumzi, sentensi ni ndefu. Ikate, urekodi tena. Suala la ithibati linakuhusu na wewe, kwa hiyo ulizia stashahada ya uzamili mapema.