Zaituni asiuze cherehani

Kaka Rajabu, asalaam aleikum.

Nimeisikia ile sauti uliyotuma kwenye kundi la ukoo. Unasema Zaituni anataka kuuza cherehani apate nauli ya kunifuata huku Leicester, Uingereza, acheze tenisi ya kiti cha magurudumu "alipwe kama baba mdogo". Ukaniomba ukweli. Baba mdogo halipwi, kaka. Baba mdogo ndiye anayelipa.

Ile picha ya kikombe mliyoisambaza Bombo nzima huko Uganda ilitoka kwenye mashindano madogo ya huku. Zawadi ilikuwa kikombe chenyewe na vocha ya kununulia mipira. Usiku uleule nilikuwa kazini, napokea simu za kampuni ya teksi mpaka alfajiri. Kyeyo, hizi kazi za kubangaiza ughaibuni, ni kyeyo tu, hata ukiifanya umekaa.

Wanaoishi kwa mchezo huu wapo, ila wanahesabika. Kwa miaka mingi waliopangwa kucheza single za viti kwenye Grand Slam, yale mashindano manne makubwa ya tenisi, walikuwa wanaume 8 na wanawake 8, dunia nzima hiyo. Wimbledon, moja ya hayo manne, ilianza single za viti, mmoja kwa mmoja, mwaka 2016 tu. Kgothatso Montjane wa Afrika Kusini alifika pale 2018, na 2023 akabeba dabo, ya wawili wawili, ya Roland Garros kule Ufaransa pamoja na Mjapani Yui Kamiji. Sasa nitajie hata mmoja wa kwetu Afrika Mashariki.

Halafu kuna kiti. Si hivi vya hospitali. Magurudumu yamelala, juu yamekaribiana na chini yametanuka, ili ukikata kona kisipinduke. Nyuma kuna kagurudumu kanakokuzuia usianguke chali, na mwili unafungwa kwa mkanda. Changu nilikinunua kimeshatumika, pauni 1,400, nikakilipia miezi kumi na mmoja. Mkono wa kulia unashika raketi na kusukuma gurudumu hapohapo, kwa hiyo kidole gumba changu kina sugu kama kisigino cha mkulima. Mwaka jana nilikwenda kucheza Uholanzi kwa pesa yangu. Shirika la ndege likanishushia kiti gurudumu limepinda. Mpinzani wangu akapewa ushindi, mimi niko pembeni nimekalia benchi. Fidia mpaka leo tunaandikiana barua.

Sisemi siupendi. Sisi wa viti mpira unaruhusiwa kudunda mara mbili, na ukiuwahi ule mdundo wa pili, huko nyuma kabisa ya mstari, kodi ya nyumba unaisahau kidogo.

Lakini Zaituni aanzie mbali kwa nini? Kampala imeshaandaa mashindano ya kimataifa ya badminton ya walemavu, ule mchezo wa raketi na kinyoya, na umeingia Paralimpiki, Olimpiki ya walemavu, tangu ile ya Tokyo. Wageni wanamfuata yeye, yeye hatafuti viza. Nauli yake ni ya teksi ya kutoka Bombo. Single za viti za badminton huchezwa nusu uwanja, na mabega yake ya kusukuma kiti kwenye ule mchanga wa njia ya msikitini yanatosha kuanzia. Cherehani ndiyo itakayomlipia hiyo teksi.

Raketi namtumia, kuna mtu anakuja Disemba. Kuna kiti hapa klabuni kinauzwa bei ya kuongea. Mama yake ampime nyonga kwa sentimita, akiwa amekaa, na kutoka nyuma ya goti mpaka mgongoni. Nipate namba hizo kabla ya Ijumaa, mwenye kiti hatanisubiri.