Unaenda Iceland kusomea jotoardhi? Usiende na megawati tu kichwani

Mwezi huu nimepigiwa na wadogo zangu watatu wa kwenye fani, wote wanauliza kuhusu ile kozi ya jotoardhi (joto la chini ya ardhi) ya miezi sita ya Reykjavik, mji mkuu wa Iceland, kwa hiyo nimeona niandike mara moja kila kitu ninachokumbuka.

Mi ni mtu wa kemia ya maji, kazi yangu ni kuzunguka na chupa za sampuli kwenye chemchemi za Mbeya na Rungwe. Wakati naenda kule nilikuwa nafikiria umeme tu, yaani turbini, visima virefu, megawati ngapi. Wiki mbili za mwanzo nilikuwa nauliza habari za Hellisheiði tu, kile kituo cha umeme wa jotoardhi cha megawati 303, na kiukweli ni kitu cha kuona, ila nilichelewa kuona kilichokuwa na faida zaidi kwetu.

Cha kwanza utakiona bafuni. Maji ya moto yananuka mayai viza, usishtuke, ni gesi ya haidrojeni salfaidi kidogo. Ya kunywa fungua bomba la baridi, yaache yatiririke kwanza, ni masafi kabisa. Na kama una pete ya fedha ivue kabla ya kuoga, yangu ilibadilika ikawa nyeusi. Sasa fikiria, maji hayohayo ndo yanapasha moto nyumba, maana nyumba 9 kati ya 10 nchini kwao zinapashwa kwa jotoardhi, na bomba linatoka kituo cha jotoardhi cha Nesjavellir mpaka mjini Reykjavik kilomita 27 na maji yanapoteza joto nyuzi mbili tu hivi njiani! Siku nimeambiwa hilo nilikaa kimya nawaza mabomba yetu.

Halafu angalia walivyoanza. Zamani Reykjavik ilikuwa na moshi wa makaa ya mawe, wakinamama walikuwa wanafulia nguo kwenye chemchemi za moto za Laugardalur, bonde la hapohapo mjini, ndo mwaka 1930 wakavuta bomba la kilomita 3 kutoka palepale wakapasha moto shule, hospitali na nyumba chache. Kituo cha kwanza cha umeme wa jotoardhi kilikuja 1969, Bjarnarflag, megawati 3. Miaka karibu 40 walikuwa wanatumia joto tu! Hata leo umeme wao mwingi, kama asilimia 70, ni wa maji ya mito, jotoardhi ni kama 30. Sisi tunaanza na umeme, na kisima kisipofikia joto la kuzungusha turbini tunasema mradi umekufa. Hilo linaniuma sana.

Kwa hiyo ukiwa kule omba upelekwe kwenye matumizi ya moja kwa moja, yaani wanapotumia joto lenyewe bila kuligeuza umeme. Nyumba za vioo za mji wa Hveragerði wanapolima nyanya kwenye baridi ile, na sehemu wanazokausha vichwa vya samaki kwa joto la ardhini halafu wanauza Nigeria. Mi nilienda huko mwishoni kabisa kwa sababu nilikuwa naona si kazi ya mtu wa sampuli, we usifanye hivyo.

Waulize pia walipokosea, watakuambia bila kuficha. Hellisheiði waliongeza mitambo kwa kasi, mvuke ukapungua, ikabidi 2016 waunganishe visima vya eneo jirani la Hverahlíð. Na mradi wa Carbfix usiukose, wanayeyusha hewa ya ukaa kwenye maji wanairudisha kwenye miamba ya basalti na ndani ya miaka miwili nyingi inakuwa jiwe.

Mengine ya haraka: nafasi hauombi kivyako, mwajiri lazima akupendekeze, kwa hiyo anza kuongea na bosi mapema. Nunua koti la kuzuia upepo, sweta peke yake haitoshi. Na ukiwa kisimani, ile harufu ya mayai viza ikikatika ghafla usifikiri gesi imeisha, ikiwa nyingi sana pua inakufa ganzi, toka hapo mara moja.

Niliporudi nilienda Rungwe kuchukua sampuli, mzee mmoja mwenye shamba la kakao akaniuliza tena, mwanangu, haya maji ya moto tutapata umeme lini? Shikamoo nyingi na maswali mengi, kila nikienda. Safari hii nikamuuliza mimi, mzee, kakao yako unaikausha vipi mvua zikianza? Akasema inaota ukungu, nusu anatupa. Nikatoa kipimajoto, nikakitumbukiza kwenye chemchemi, nikamwita asome mwenyewe, halafu nikamweleza habari za vichwa vya samaki. Tulikaa pale mpaka giza likaingia tukichora kwa fimbo chini, bomba lipite wapi, banda likae wapi.